Mtoto akiondoka na mupira, atarudi na nini?

Maneno ya kamati kwenye mkutano mkubwa wa wanachama, Kolwezi

  

Mnakumbuka mkutano uliopita. Mama mmoja wa kwetu alisimama kuomba msaada juu ya binti yake. Mtoto aliumia goti mu mchezo, timu yake haikulipa hata picha ya goti, na daktari alisema lazima apasuliwe. Siye kamati tulifungua kitabu cha sheria: sanduku linasaidia ugonjwa, kilio, kuzaa na masomo. Mmoja wetu akasema: "Ugonjwa ni malaria. Mupira ni kucheza tu." Watu wakacheka, yule mama akaketi. Leo tunasema wazi mbele yenu wote: tulikosea, na tunataka kueleza kwa nini.

Kwanza, kucheza kule si kucheza tu. Tarehe 23 mwezi wa 11, 2024, kule El Jadida, Maroko, wasichana wa TP Mazembe walipiga AS FAR 1-0 wakabeba kombe la mabingwa wa Afrika la wanawake. AS FAR ni timu ya Maroko, ilikuwa kwao, mbele ya watu wao. Bao lilitoka kwa penalti ya Marlène Kasaj. Balunda walio kati yetu, waliposikia jina Kasaj, mnajua vile walisimama! Kombe kama lile Mazembe ya wanaume ilikuwa nalo mara tano, ya mwisho 2015. Mu 2024 dada zao nao wakalipata.

Lakini tuangalie walikotoka. Mu 2022 walienda kwenye kombe hilohilo, wakatolewa mu makundi. Mu 2023 hawakufika kabisa. Nyuma ya mwaka mmoja, njo hao mabingwa. Mwalimu wao alikuwa mwanamke, Lamia Boumehdi wa Maroko, na CAF ilimpa tuzo ya mwalimu bora wa mwaka kwa timu za wanawake. Mwanzo wa 2025 mshambuliaji wao Merveille Kanjinga akaenda Paris Saint-Germain. Hii ni kazi, bandugu, sawa vile kazi ya kompani.

Na mbele yao kulikuwa wengine. Wazee wanakumbuka Mwadi Mabika, mzaliwa wa Kinshasa, wa basketi. Mu 1996 alikuwa na timu ya Zaire kwenye Olimpiki ya Atlanta, na timu ile ilipoteza michezo yake yote. Mwaka uliofuata ligi kubwa ya wanawake ilianza kule Marekani, naye akaingia Los Angeles Sparks. Akashinda nao ubingwa mu 2001 na tena 2002. Kama mtu angemwangalia paka ile siku ya Atlanta, angesema: rudi nyumbani, mtoto, tafuta kazi ingine.

Pili, kazi hii ni fupi. Baba anaweza kufanya kazi ya mgodi mpaka nywele zinaota mvi. Mchezaji, akifika miaka 35, wengi wamekwisha kuacha. Na wanawake wanaumia ile kano ya ndani ya goti zaidi kuliko wanaume. Waganga wa michezo wanalijua jambo hili siku mingi. Kwa hiyo msichana anaweza kuwa na miaka 19, jina lake linaitwa uwanjani, na kesho iko paka kitandani, na simu hailii tena.

Hapo njo tunaingia siye. Muungano huu ni wa watu waliorudi. Kuna waliokimbia vita ya 1978 hapa Kolwezi, kuna waliolelewa mu kambi ya Meheba kule Zambia, kuna waliopitia Dilolo kutoka Angola. Tunajua kurudi ni nini. Kuondoka, watu wanakusindikiza. Kurudi, unabisha mlango peke yako: parseli ya baba iko na mwenye ingine, batoto wamesoma Kiingereza, shule inaomba Kifaransa, na jirani anauliza, "Ulileta nini?" Sanduku letu lilifunguliwa juu ya mtu yule. Msichana anayerudi kutoka uwanjani na goti limevunjika, na jirani anamuuliza neno lilelile, ni mwenzetu.

Basi tunaleta mambo tatu.

Moja: goti la mupira liandikwe mu kitabu kama ugonjwa. Wengine wanaogopa: kesho kila mtoto atakuja na goti! Woga huo si wa bure, sanduku ni dogo. Tunaomba sanduku litoe nusu ya bei, na nusu itoke kwa mchango wa siku hiyo, sawa vile tunafanya kwa kilio.

Mbili: mtoto anayecheza asiache masomo. Muungano utaendelea kumlipia shule hata kama timu imemwita, lakini atuletee bulteni yake.

Tatu: karatasi. Mtoto asitie mkono kwenye kontra kabla mtu wa kamati hajaisoma pamoja na wazazi. Sheria za FIFA zinakataza timu ya inchi ingine kuchukua mchezaji wa chini ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache. Kwa hiyo mtu akifika kwako na kusema atapeleka binti wa miaka 15 Ulaya kucheza, na anaomba makuta ya pasipoti, usimpe hata kiti. Tangu 2021 mchezaji mwenye kontra akipata mimba, iko na haki ya likizo ya majuma 14, na timu imlipe angalau sehemu mbili kwa tatu za mshahara. Na walimu wa timu ndogo za Manika na Dilala, andikeni majina ya batoto na miaka waliyocheza kwenu. Mchezaji akiuzwa ng'ambo kabla kontra yake kwisha, 5 kwa mia ya bei inagawanywa kwa timu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Timu isiyo na daftari haitaonyesha kitu.

Sasa, yule mama iko hapa, ameketi kule nyuma. Mama, siku ile tulikucheka, tunakuomba msamaha. Binti yako anatembea na fimbo, na daktari bado anangojea makuta. Kamati imetoa mchango wake asubuhi hii, bahasha iko mezani.

Bandugu, wanaokubali mambo haya matatu, wainue mkono. Anayekataa naye asimame aseme, tutamsikiliza mpaka mwisho. Hakuna wa kucheka mtu leo.