Meza ya Juisi na Daftari la Mtoto

(Mazungumzo ya Afisa Mawasiliano wa Halmashauri ya Wilaya kwa wazazi, walimu na wanafunzi, kuelekea likizo ya Juni)



Likizo ya katikati ya mwaka imekaribia, na kama ilivyo desturi, watoto wameanza kupanga biashara. Huyu anaomba ndoo yenye mfuniko auze juisi ya malimau, yule anataka karanga, mwingine ubuyu au barafu. Wazazi wanauliza iwapo Halmashauri inaruhusu jambo hilo au inalikataza. Swali ni la haki, lakini halijibiki kwa neno moja, kwa sababu ndoo ileile ya juisi yaweza kuwa shule kwa mtoto huyu na utumwa kwa mtoto wa nyumba ya pili. Kinachozitenganisha ndicho nilichokuja kukieleza.

Naanza na sheria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka umri wa chini wa kuajiriwa kuwa miaka 14. Hata aliyefikisha umri huo hupewa kazi nyepesi tu, yaani kazi isiyodhuru afya wala makuzi yake, na isiyomzuia kuhudhuria shule au kunufaika na masomo. Sheria hiyohiyo inakataza mtoto kufanyishwa kazi usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Basi mtoto wa darasa la sita, mwenye miaka 11 au 12, hawezi kuwa mwajiriwa wa mtu yeyote. Akiketi mbele ya nyumba yao saa tatu za mchana wakati wa likizo, akauza juisi aliyoitengeneza na kuhesabu fedha zake, huyo anajifunza. Akibebeshwa ndoo kichwani, akapelekwa stendi kukimbizana na mabasi, na akaambiwa asirudi mpaka iishe, huyo anafanyishwa kazi, hata tukimwita mjasiriamali mara mia.

Mjadala huu hauko kwetu pekee. Huko Marekani meza ya juisi ya limau mbele ya nyumba ni mila ya watoto ya miaka mingi, lakini zipo halmashauri zilizozifunga meza hizo kwa kukosa vibali. Ilibidi majimbo kadhaa yatunge sheria ya kuwalinda watoto. Texas, kwa mfano, ilizuia miji yake kudai kibali kwa meza za namna hiyo, na sheria ikaanza kutumika tarehe 1 Septemba 2019. Sisi hapa, kabla mtoto hajatoa meza, mzazi apite kwa Mtendaji wa Kijiji au wa Mtaa amweleze. Meza ya kibarazani kwenu ni jambo moja. Kutandaza sokoni au kando ya barabara kuu ya Segera kwenda Tanga ni jambo jingine kabisa, na hilo la pili siwashauri hata kidogo. Magari hayamwoni mtoto aliyeinamia sarafu.

Sasa tuingie kwenye hesabu, maana hapo ndipo penye elimu yenyewe.

Tuchukue mfano wa mtoto anayetengeneza lita 10 za juisi ya malimau. Bei nitakazotaja ni za mfano. Kila mmoja aweke za gengeni kwake. Malimau 25 kwa shilingi 100 kila moja ni shilingi 2,500. Sukari kilo moja na robo, kwa shilingi 3,000 kilo, ni shilingi 3,750. Mkaa wa kuchemshia maji shilingi 1,000, na barafu ya kupozea shilingi 1,000. Jumla ni shilingi 8,250. Lita 10 hutoa vikombe 40 vya robo lita. Mtoto anauza kikombe shilingi 200, jioni anarudi na shilingi 8,000 mkononi, nyumba nzima inampigia makofi.

Mtoto huyo amepata hasara ya shilingi 250.

Haioni hasara hiyo kwa sababu sukari ilitoka kabatini kwa mama, malimau yalichumwa nyuma ya nyumba, na mkaa ulikuwa umekwisha kuwaka. Amefundishwa kwamba fedha inayoingia ndiyo faida. Akikua na fikra hiyo atafungua duka, ataliona limejaa wateja, na baada ya mwaka atashangaa rafu zimebaki tupu. Wahenga walilisema hili zamani: mali bila daftari huisha bila habari.

Tena tusiwacheke watoto. Hapa Muheza tunajulikana kwa machungwa, lakini ni wangapi kati yetu huuza shamba zima kwa mchuuzi yakiwa bado maua, bila kuandika popote tulipalilia kwa shilingi ngapi na dawa tuliinunua kwa bei gani? Mchuuzi ana daftari, sisi tuna kumbukumbu. Mtoto akijifunza leo kukokotoa gharama ya ndoo moja, huenda kesho akamsaidia baba yake kukokotoa gharama ya ekari.

Turudi kwenye meza. Mtoto akipandisha bei kuwa shilingi 300 na vikombe vyote 40 vikauzwa, atapata shilingi 12,000, na faida itakuwa shilingi 3,750. Vikombe 10 vikibaki, atapata shilingi 9,000, na faida itashuka hadi shilingi 750. Akiwagawia marafiki vikombe vitatu kati ya vile alivyotegemea kuuza, amekwisha kutoa shilingi 900, na faida yote imegeuka hasara. Nawaombeni wazazi msimfanyie hesabu hiyo. Mwacheni aifanye mwenyewe jioni, kwa kalamu yake, katika daftari la mistari: upande mmoja kilichoingia, upande mwingine kilichotoka. Mzazi aulize tu, “Na sukari je, mwanangu, umeiandika?” Swali hilo moja linatosha kazi ya mwezi mzima. Na yeye ndiye aamue kama kesho ataongeza bei, atapunguza lita, au atauza saa za jua kali tu. Akikosea, ahasirike shilingi 250 angali chini ya paa lenu. Ni ada nafuu kuliko ada yoyote ya chuo.

Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, hakutaka shule ziwe na mashamba ili wanafunzi walime tu. Alitaka washiriki kupanga, waamue, na waone mavuno yametumikaje. Wazee mliopo mtakumbuka kwamba katika shule nyingi lilibaki jembe, hesabu ikabaki ofisini. Sipendi tulirudie hilo kwa ndoo ya juisi.

Linalofuata ni gumu kidogo, nanyi mtanivumilia. Fedha ya meza ile ni ya nani? Katika nyumba nyingi jioni huanza na sifa na kumalizika na mkopo: “Lete hiyo elfu tano ninunue mboga, nitakurudishia.” Hairudi. Siku hizi kuna njia ya kimyakimya zaidi, mteja anapolipa kwa simu ya mama na fedha ya mtoto ikachanganyika na ya vocha. Najua hali za nyumba zetu, na sisemi mtoto asichangie chakula. Katika mila zetu kuchangia ni heshima. Ninachosema ni kwamba achangie akijua amechangia, kiasi kijulikane, na kiandikwe. Kwanza itengwe shilingi 8,250 ya mtaji wa kesho. Hiyo isiguswe na yeyote, awe baba au mjomba. Kinachobaki ndicho kijadiliwe. Mkiona kimekua, mabenki yana akaunti za watoto ambazo mzazi huzifungua kwa niaba yao. Mtoto apelekwe akaone kaunta kwa macho yake.

Nasi majirani tuna sehemu yetu. Mtu mzima anakunywa vikombe viwili, anafuta midomo, anasema, “Nitakupitishia baadaye.” Mtoto aliyelelewa vizuri hawezi kumdai mzee, hivyo deni linakufa hapo hapo. Wengine huanza kupunguza bei kana kwamba wananunua ng’ombe mnadani. Dukani tunaheshimu kibao kisemacho mkopo kesho. Mezani kwa mtoto tunajifanya hatujui kusoma. Lipeni, tena mje na sarafu. Noti ya shilingi 10,000 kwa kikombe cha shilingi 300 humtoa mtoto mezani kwenda kuzunguka mtaa mzima akitafuta chenji.

Upande wa afya sina hiari ya kuupita haraka, kwani juisi ni chakula na maji machafu hayaulizi umri wa muuzaji. Maji yachemshwe mpaka yatokote kabisa, yapozwe katika chombo chenye mfuniko, au yatibiwe kwa dawa kwa kufuata maelekezo ya pakiti. Ukali wa limau hautoshi kuua vimelea vya kipindupindu na homa ya matumbo, na kugandisha barafu hakuvimalizi. Barafu iliyotoka kwenye maji mabaya ni maji mabaya yaliyoganda. Kazi ya moto na sufuria kubwa aifanye mtu mzima. Vikombe visuuzwe kwa maji safi yanayomiminika, wala si katika beseni moja linaloogesha vikombe vyote 40. Mtoto mwenye kuhara asikaribie meza siku hiyo. Na kwa wale wa barafu na ubuyu, kumbukeni mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019. Msimfungashie mteja humo.

Nimeulizwa pia kama watoto hawa wanaweza kupata mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri. Hapana. Mikopo ile ni ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na kijana anayezungumziwa humo ni aliyetimiza miaka 18. Mtaji wa mtoto ni malimau na sukari aliyokopeshwa na mzazi, nao mkopo huo pia uandikwe daftarini mpaka urudi.

Shule zikifunguliwa, meza irudi ndani. Atakayeona mtoto anauza saa za masomo, au usiku, au anapigwa kwa sababu ndoo haikuisha, asinyamaze akidhani ni mambo ya ndani ya nyumba ya watu. Amwone Afisa Ustawi wa Jamii, aende ofisi ya Mtendaji, au apige namba 116, ambayo ni huduma ya simu kwa mtoto na haina malipo. Mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.

Bwana Afya yupo hapa leo na yuko tayari kueleza kipimo cha dawa ya maji kwa ndoo ya lita 20. Maswali ya hesabu nileteeni mimi, na wanafunzi ndio waanze.