Myombo Hausubiri Mvua



Mtaani kwetu yuko kijana mmoja ambaye kila siku asubuhi hutoka nyumbani kwake amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, viatu vinang'aa, mkoba mkononi. Jioni hurudi. Majirani wote wanajua kwamba kazi yake ilikwisha miezi minne iliyopita. Anayedhani kwamba hawajui ni yeye peke yake. Juma lililopita nilimkuta amekaa chini ya mwarobaini, nyuma ya kituo cha daladala, anasoma gazeti la juzi. Aliponiona alishtuka kama mwizi. Nilimsalimu, nikapita zangu.

Sikumcheka, kwa sababu nami nimewahi kuwa kama yeye.

Ilikuwa mwaka 1996. Wakati ule mashirika mengi ya umma yalikuwa yakibinafsishwa au kufungwa, na wafanyakazi wakipunguzwa. Mimi nilikuwa karani wa hesabu katika shirika moja hapa Dar es Salaam. Siku moja orodha ikabandikwa ukutani, na jina langu lilikuwamo. Nikapewa kiinua mgongo, nikalipa madeni, kilichobaki kikawa nauli na sukari ya kumpelekea mama. Nikapanda treni ya TAZARA kwenda kwetu Kisaki, mkoani Morogoro. Treni ile niliipenda kwa jambo moja tu: ilifika usiku. Nilitaka nipokewe na giza.

Kwa wasioifahamu, Kisaki iko kusini mwa milima ya Uluguru, jirani na pori ambalo wengi wetu tulilizoea kwa jina la Selous, na ambalo sehemu yake kubwa tangu mwaka 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Ukitazama kaskazini unaiona milima. Misitu ya kule juu ni ya kijani mwaka mzima, maana upepo wa baharini hupeleka mawingu, nayo mawingu humwaga mvua. Huku bondeni jua la Septemba halina mzaha. Nyasi zimekauka au zimeungua, na vumbi linaingia mpaka kwenye uji.

Pale kijijini nilimwambia kila mtu kwamba nimekuja likizo. Juma la kwanza waliitikia. Juma la tatu wakaanza kuniuliza nitarudi lini. Nikawa natoka ndani jioni tu.

Sisi wa Ukutu na Uluguru ukoo tunaufuata kwa mama, kwa hiyo mjomba ana kauli kubwa. Asubuhi moja mjomba wangu alibisha hodi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Hiyo likizo yako mbona haina mwisho?"

Nikanyamaza. Akasema, "Chukua jembe, twende porini."

Tulipanda vilima vilivyo nje ya kijiji. Huko, ndugu msikilizaji, nikaona jambo ambalo nililiona tangu utotoni bila kulitazama. Miti ya myombo ilikuwa imevaa majani mapya, mekundu, mengine ya rangi ya shaba. Kwa mbali ungedhani kilima kinawaka moto. Mjomba akavuta tawi akanishikisha. Majani yalikuwa laini kama sikio la mtoto mchanga.

"Mvua huku kwetu hunyesha lini?" akaniuliza.

"Novemba. Zikiwahi sana, mwishoni mwa Oktoba."

"Basi huu umeambiwa na nani uchipue leo?"

Sikuwa na jibu. Akanionyesha mche mdogo, urefu wake haufiki goti. Akauliza una umri gani. Nikasema labda mwaka mmoja. Akacheka, akaniambia nichimbe pembeni taratibu. Nilichimba, na mzizi ukazidi kunenepa na kwenda chini, mnene kuliko shina lenyewe mara kadhaa. Nilichoka kabla sijaufikia mwisho wake.

"Huu ninapita hapa miaka yote ninauona," mjomba akasema. "Kila kiangazi unakufa juu. Kila mwaka wanaopita wanasema umeshindwa. Haya, ufukie vizuri."

Baadaye, nilipohamia Morogoro mjini, nilikuja kusikia kwamba wataalamu wa misitu wanaeleza yale yale. Mche wa myombo huweza kukaa miaka mingi ukikauka juu kila kiangazi, kwa jua au kwa moto, na kuchipua tena, huku nguvu zake nyingi zikienda mizizini. Mzizi ukishatosha, ndipo shina linapopanda. Na yale majani mekundu hutoka majuma kadhaa kabla ya mvua kwa sababu mti una akiba yake. Hata mti mkubwa uliokatwa kwa ajili ya mkaa, mkaa huu huu tunaopikia mijini, mara nyingi shina lake huchipua tena likiachwa lipumue. Lakini ukiung'oa mpaka mizizi na kulima kila mwaka pale pale, basi tena. Nalo hilo ni la kukumbuka.

Tuliporudi njiani mjomba alisimama, akaielekezea ile milima kidole. "Ule mti wa kule juu haupukutiki," akasema. "Una mvua yake. Huu wa huku ukitaka kuuiga, utakufa na majani yake mwilini. Kupukutika si aibu. Ndivyo unavyoishi."

Usiku ule nilimwambia mama ukweli. Akasema alijua tangu ile sukari, maana mtu wa likizo haleti kilo moja.

Kesho yake nilikaa barazani mchana kweupe. Aliyeniuliza nitarudi lini, nilimjibu kwamba nimepunguzwa kazi. Ajabu ni kwamba hakuna aliyecheka. Mmoja akaniletea daftari la kikundi chao cha wakulima wa ufuta, hesabu zimevurugika, akaomba nimsaidie. Mwingine akaja na barua ya kuandikiwa. Kumbe kazi niliyoachishwa ilikuwa ni majani tu. Ukarani ulikuwa mzizi, na hakuna aliyenipunguza huo. Sikutajirika, nisiwadanganye. Nililima, nikaandika hesabu za watu kwa malipo ya debe la mpunga, na miaka miwili baadaye nikaanzisha shughuli yangu ndogo mjini Morogoro. Lakini mwanzo wake haukuwa siku ile ya kufungua duka. Mwanzo ulikuwa siku nilipoacha kusema niko likizo.

Ndugu msikilizaji, siwezi kukuambia kwamba ajira zitaongezeka kesho. Hiyo ni mvua, na mvua haimo mkononi mwangu wala mwako. Sisemi pia kwamba wenye dhamana ya kuileta wasiulizwe. Waulizwe. Ninachosema ni kwamba aliyepoteza kazi, aliyefeli mtihani, aliyeachwa na mwenzake, asiongeze juu ya hasara yake mzigo wa kujificha. Nguvu anayoitumia kila asubuhi kupiga pasi shati la uongo ndiyo akiba ambayo ingechipusha jani jipya.

Nasi majirani tuna la kufanya. Shina lililokatwa huchipua likiachwa lipumue. Tukimzunguka mtu kwa minong'ono, tunamlimia mizizini.

Yule kijana wa chini ya mwarobaini nitamfuata juma hili. Sitampa hotuba kama hii. Nina daftari la hesabu linalonisumbua, nitamwomba anisaidie. Kisha nitamweleza habari za Kisaki.

Hadi juma lijalo, kwaheri.