Nani Anamuuliza Mtoto Umri Wake?

(Muziki wa kipindi. Unashuka taratibu.)

   Kama jirani yupo karibu, mwite. Kama kijana wako yupo nyumbani, usimfukuze, maana habari za leo ni zake.

Leo tunazungumza juu ya pombe na umri. Kijana awe na miaka mingapi ndipo auziwe pombe? Kuna wanaosema miaka 18 ni mingi mno, ishushwe. Kuna wanaosema ni michache, ipandishwe mpaka 21. Mabishano haya yako Uganda, yako Kenya, yako hata Marekani. Na yako hapa kwetu, chini ya miti, mahali watu wanapongojea maji.

Nianze na jambo ambalo umeliona kwa macho yako. Ni saa moja ya jioni. Mtoto wa miaka kumi na miwili anafika kwa mama anayeuza kanyanga. Mkononi ana chupa tupu ya maji. Anasema, "Mama, jambo. Baba amenituma." Mama anampimia, anapokea pesa, mtoto anaondoka. Njiani anafungua kifuniko na kuonja kidogo. Kesho anatumwa tena, na anaonja tena. Katika safari hiyo yote hakuna mtu aliyemuuliza chochote. Baba hakuuliza, mama muuzaji hakuuliza, na sisi tuliokuwa tumekaa barazani tukimtazama anapita, hatukuuliza.

Sasa sheria inasema nini? Sheria ya Uganda inakataza kumuuzia pombe mtu aliye chini ya miaka 18. Na sisi wakimbizi haituachi nje. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006, ileile inayotupa haki ya kufanya kazi na kutembea, inatutaka pia tutii sheria za nchi iliyotupokea. Kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba kambini ni dunia nyingine.

(Muziki mfupi.)

Tuwasikilize kwanza wale wanaotaka umri ushuke. Wanazo hoja, na si vizuri kuwacheka.

Hoja ya kwanza: vijana wanakunywa tayari, kwa hiyo katazo linawafanya wakunywe kwa kujificha, na anayejificha hunywa haraka na hunywa vibaya. Hoja ya pili: ni afadhali kijana ajifunze kunywa kidogo nyumbani, mbele ya wazazi. Wanatoa mfano wa Ujerumani, ambako kijana wa miaka 16 anaruhusiwa kununua bia.

Hoja hiyo ya pili naielewa, kwa sababu mimi mwenyewe nimekulia Kivu. Siku ya harusi au siku ya mavuno, kasiksi ya ndizi ilikuwa katikati ya wazee, na mrija ulipita toka mkono kwa mkono. Babu alinipa nionje mara moja, akacheka nilipokunja uso, kisha akauchukua mrija wake. Najua wewe wa Rwanda unakumbuka urwagwa, na wewe wa Burundi unakumbuka impeke. Wenyeji wetu wa hapa Ankole wana tonto yao. Kwa majirani zetu Waislamu swali la umri halipo kabisa, maana pombe ni haramu kwa mkubwa na mdogo.

Lakini angalia vizuri jambo alilofanya babu. Alinipa, kisha akaunyang'anya mrija. Alikuwepo. Shangazi zangu walikuwepo. Kijiji kizima kilikuwa kinanitazama, na ningerudia kuushika mrija ule, habari ingefika kwa mama kabla mimi sijafika nyumbani. Tena ilikuwa kasiksi, siku ya sherehe. Leo mtoto wetu anakutana na kanyanga. Bia ya chupa huwa na kilevi kama asilimia 5. Waragi ya kiwandani huwa na kama asilimia 40. Na kanyanga ya mtungi hakuna anayeipima, kwa hiyo hata anayeiuza hajui ameuza nini.

Na babu yuko wapi? Wengi wetu tuliwaacha wazee wetu njiani, au tuliwazika, au wako katika kambi ya nchi nyingine. Hapo ndipo shida yetu ilipo. Kule nyumbani umri haukulindwa na karatasi, ulilindwa na watu. Tulipokimbia, pombe ilikimbia nasi, lakini wale watu wa kuilinda walitawanyika.

(Muziki mfupi.)

Tutoke kidogo kambini tuone waliojaribu kushusha umri. Marekani, mwaka 1971, umri wa kupiga kura ulishushwa toka miaka 21 mpaka 18. Watu wakasema, kama anapiga kura na anapelekwa vitani, mbona asinywe bia? Kati ya mwaka 1970 na 1975 majimbo 29 yakashusha umri wa kunywa. Baadaye ajali za barabarani za vijana waliokunywa zikaongezeka. Mwaka 1984 serikali yao ikatoa sheria: jimbo lisilorudisha miaka 21 litakatwa sehemu ya fedha za barabara. Kufikia mwaka 1988 majimbo yote yalikuwa yamerudi 21. Mabishano hayakuisha, maana mwaka 2008 wakuu wa vyuo zaidi ya 100 waliomba jambo hili lijadiliwe tena, wakisema wanafunzi wao wanakunywa kwa kujificha. Mpaka leo umri haujashushwa.

Karibu na sisi mwelekeo ni wa kupandisha. Kenya, mwezi wa Julai 2025, serikali ilitangaza sera mpya ya pombe na dawa za kulevya inayopendekeza umri upande toka 18 mpaka 21. Hapa Uganda, mwaka 2019, waragi ya vifuko vya plastiki ilipigwa marufuku, kwa sababu kifuko kiliingia katika mfuko wa sare ya shule na bei yake mtoto aliimudu. Kisha mwaka 2023 mbunge wa wanawake wa Tororo, Sarah Opendi, alipeleka bungeni mswada wa kudhibiti pombe. Pamoja na mambo mengine, ulitaka siku za kazi pombe iuzwe kuanzia saa kumi na moja ya jioni hadi saa nne ya usiku tu. Wenye viwanda na wenye baa waliupinga. Walitaja ajira, kodi na wakulima wanaouza mtama viwandani. Hoja hiyo si hewa: hata Mbarara kuna kiwanda kikubwa cha bia tangu mwaka 2013, na watu wanakula kwa kiwanda hicho. Mswada haukupita. Kwa hiyo sheria imebaki palepale, miaka 18.

Kwa nini kung'ang'ania umri? Kwa sababu ubongo wa mtu haumalizi kukomaa akiwa na miaka 18, unaendelea mpaka kama miaka 25. Sehemu inayochelewa zaidi ni ile ya kujizuia na kupima hatari. Kumpa kijana pombe kali mapema ni kama kumpa pikipiki ambayo breki zake bado hazijafungwa. Na anayeanza mapema ndiye anayeshikwa mapema na ulevi.

(Muziki mfupi.)

Sasa turudi Nakivale, maana Bunge liko Kampala lakini chupa iko hapa.

Kwanza, umri wenyewe tunaujuaje? Chukua karatasi ya familia uisome. Ni watu wangapi humo wameandikiwa tarehe 1 Januari? Tulipofika kituo cha mapokezi wengi hatukujua siku, tukapewa mwanzo wa mwaka. Basi muuzaji hawezi kudai kitambulisho kwa kila kijana. Lakini hana haja ya kitambulisho. Mtoto wa jirani unamjua. Unajua anasoma darasa la ngapi. Unajua alizaliwa kabla au baada ya ninyi kuvuka mpaka. Hapa kijijini tunao ushahidi ambao baa ya mjini Mbarara haina.

Pili, na hapa nazungumza nawe mama unayepika kanyanga. Sikuja kukutukana. Najua msaada wa chakula umepungua, na mwaka 2025 wakimbizi kama milioni moja nchini Uganda waliondolewa katika orodha ya msaada. Najua mtungi ule unalipa daftari, sabuni na dawa. Wengine hupika usiku wakilia, kwa sababu wanajua mume wa nani atakuja kuinywa. Serikali ina sheria juu ya pombe hiyo pia, na polisi unawajua kuliko mimi. Ombi langu leo ni moja tu: kwa mtoto, funga. Akija na chupa, mwambie, "Rudi, mwambie baba aje mwenyewe." Maneno hayo hayakugharimu hata shilingi. Baba akitaka, atakuja. Asipokuja, basi hakuwa na kiu sana.

Utaniambia, "Nikikataa mimi, ataenda kwa mwenzangu." Ni kweli. Ndiyo maana jambo hili haliwezi la mtu mmoja. Akina mama wanaouza katika kijiji kimoja mnajuana. Mnakutana bombani, mnakutana katika kikundi cha akiba. Kubalianeni pamoja kwamba hakuna anayempimia mtoto. Mkiwa watano mmekubaliana, mtoto atachoka kutembea. Na kiongozi wa kijiji aliyechaguliwa na wakimbizi anaweza kulitamka jambo hilo mkutanoni, likawa la wote.

Tatu, wewe baba. Ukimtuma mtoto pombe, wewe ndiye umemshushia umri mpaka miaka kumi na miwili, na hukungoja Bunge likusaidie. Ukiitaka, miguu unayo.

Nne, wewe kijana. Najua siku ni ndefu pale Juru mtu akiwa hana karo wala kazi. Rafiki akikuita, chupa inaonekana kama pahali pa kupumzikia. Na huenda kuna mambo uliyaona njiani ambayo usiku hayakuachi. Pombe haiyafuti, inayaahirisha mpaka asubuhi na kuyarudisha na deni juu. Hapa Nakivale wamewahi kufunzwa wakimbizi wenzetu wa kawaida, wasio madaktari, kuwasikiliza wenzao na kuwasaidia kusimulia yaliyowapata, na watu walipata nafuu. Kuzungumza ni dawa. Anza na mtu mmoja unayemwamini.

Kabla sijamaliza, kumbuka hili la kuokoa maisha. Mwezi wa Aprili 2010, katika wilaya ya Kabale, si mbali sana na hapa, watu wasiopungua 80 walikufa kwa waragi iliyochanganywa na methanoli, kemikali ya viwandani. Haina harufu ya kukuonya. Mtu akinywa, kisha baada ya saa kadhaa akalalamika kwamba macho yanaona ukungu, tumbo linauma na pumzi zinaenda mbio, usimwambie alale ili ulevi uishe. Mpeleke kituo cha afya haraka, na useme alikunywa nini, ili kama inahitajika apelekwe hospitali ya Mbarara. Mtu aliyelewa mpaka hajitambui, mlaze ubavu, usimlaze chali, na usimwache peke yake. Na kama kuna mtoto anayeuziwa pombe, anayefanyishwa kazi ya kuiuza, au anayepigwa na mlevi nyumbani, piga simu 116, namba ya Sauti ya kuwasaidia watoto. Ni bure.

Msikilizaji wangu, wakubwa wataendelea kubishana: 16, 18, 21. Wabishane, ni kazi yao. Lakini namba haina mikono. Haiwezi kusimama mlangoni pako saa moja ya jioni na kumrudisha mtoto. Anayeweza ni wewe. Babu aliyeuchukua mrija wake hayupo tena, na nafasi yake iko wazi. Jioni ya leo, mtoto akipita na chupa tupu, muulize tu: "Wewe, una miaka mingapi? Na nani amekutuma?"

Maswali ya kujadili katika kikundi chenu: Kule mlikotoka, nani alikuwa akiwazuia vijana wasinywe? Hapa kijijini kwenu, nani anafanya kazi hiyo sasa? Mama anayeishi kwa kuuza pombe, tumsaidieje apate njia nyingine? Mkipata majibu, tuleteeni. Tutayasoma hapa.

 

(Muziki wa kipindi unapanda, kisha mwisho.)