Mhandisi Kijana na Vumbi la Mwamba: Uamuzi wa Kubaki au Kuondoka Mgodini

Utangulizi

Mhadhara huu unachunguza uamuzi unaowakabili vijana wa Taita Taveta waliosomea uhandisi wa madini, yaani iwapo mhandisi aliye mwanzoni mwa kazi aendelee kushuka mgodini huku akifahamu kwamba hewa ya humo inaweza kumdhuru, au aiache taaluma aliyoisomea kwa miaka mitano na kutafuta nyingine. Jambo hili huchukuliwa mara nyingi kuwa la mtu binafsi, likamalizwa kwa ushauri wa jamaa, wengine wakimhimiza avumilie na wengine wakimtaka aondoke upesi. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba uamuzi huo unahitaji vipimo kwanza, na kwamba mhandisi hawezi kuufikia kwa haki kabla ya kuwafikiria wachimbaji watakaobaki shimoni baada yake.

Mwamba na riziki yake

Kijana wa Mghange anayetafuta kazi ya migodi huteremka kutoka vilima vya Taita, ambavyo kilele chavyo cha Vuria hufikia takriban mita 2,200, akaelekea Mwatate na Voi, au akafika nyanda kavu za Kasigau, Kuranze na Mangare ambako vito huchimbwa; wengine huelekea Kishushe, kwenye mawe yenye madini ya chuma. Miamba ya nyanda hizo ni sehemu ya Ukanda wa Msumbiji, mfululizo wa miamba ya kale iliyobanwa na kugeuzwa umbo kwa joto na shinikizo chini ya ardhi. Ni katika miamba hiyo ambamo mwanajiolojia Campbell Bridges, mwanzoni mwa miaka ya 1970, aligundua upande wa Kenya kito cha kijani kilichopewa jina la tsavoraiti mwaka 1974 kutokana na Hifadhi ya Taifa ya Tsavo. Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilichopata hati yake mwaka 2016, kinafundisha uhandisi wa madini karibu na Voi, kwa hiyo mtoto wa kaunti hii anaweza leo kuisomea ardhi ya kwao bila kuihama.

Hata hivyo, mwamba unaobeba kito hubeba pia silika, ambayo ni muungano wa silikoni na oksijeni, na ambayo hupatikana kwa wingi katika kwatzi, madini magumu yanayoenea katika miamba mingi. Mwamba unapotobolewa, unapolipuliwa kwa baruti au unapopondwa, silika hiyo hugeuka vumbi, na sehemu ya vumbi hilo iliyo hatari kuliko zote ni ile isiyoonekana kwa macho.

Ugonjwa usio na haraka

Chembe zinazofika ndani kabisa ya mapafu ni zile zenye upana wa mikroni chache tu, mikroni moja ikiwa ni sehemu ya elfu moja ya milimita. Seli za kinga huzimeza chembe hizo lakini hushindwa kuziharibu, na badala yake seli zenyewe hufa, uvimbe hutokea, na mahali palipokuwa laini pakajaa kovu gumu lisilopitisha hewa. Hali hii huitwa silikosisi, nayo haina tiba inayoweza kuliondoa kovu hilo. Mwenye silikosisi huwa pia katika hatari kubwa zaidi ya kupata kifua kikuu, na mwaka 1997 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka silika iliyomo katika kwatzi, inapovutwa kazini, miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu.

Jambo linalotatiza zaidi uamuzi wa kijana ni muda. Silikosisi ya kawaida hujitokeza baada ya miaka 10 au zaidi ya kuvuta vumbi, ingawa vumbi likiwa zito mno ugonjwa huweza kuja mapema zaidi. Kwa hiyo picha safi ya kifua cha mhandisi wa miaka 25 haithibitishi kwamba mgodi wake ni salama, na kutokohoa leo si dalili ya kutougua akifika miaka 45. Anayesubiri dalili ndipo aamue huwa amekwisha kuamuliwa na vumbi.

Maarifa haya si mapya. Mganga Georgius Agricola, aliyeishi karibu na migodi ya Saksonia, alieleza katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1556 jinsi vumbi lilivyowaua wachimbaji kwa ugonjwa wa mapafu, hata wanawake wa baadhi ya maeneo ya migodi wakawa wajane mara nyingi. Barani Afrika, mahakama ya Johannesburg iliidhinisha mwaka 2019 makubaliano ya fidia ya takriban randi bilioni 5 kwa wachimbaji wa dhahabu walioathiriwa na silikosisi na kifua kikuu, baada ya wengi wao kuwa wamekwisha kurudi vijijini wakiwa wagonjwa. Fidia hiyo ilikuja baada ya pumzi kwisha, na ndiyo sababu kinga haiwezi kuachiwa mahakama.

Sheria na vipimo

Nchini Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka msimamizi wa mahali pa kazi atathmini hatari zilizopo, na mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi paundwe kamati ya usalama na afya. Sheria hiyo humwezesha mfanyakazi mwenye sababu za msingi za kuamini kwamba maisha yake yamo hatarini kuondoka mahali hapo bila kufukuzwa wala kuadhibiwa. Kuhusu silika, Marekani ilipunguza mwaka 2016 kikomo chake viwandani na kwenye ujenzi hadi mikrogramu 50 katika kila mita ya ujazo ya hewa kwa wastani wa saa 8, kiasi kidogo sana ambacho jicho haliwezi kukikadiria, na ambacho hujulikana kwa kifaa cha kupimia pekee.

Hapa ndipo mhandisi anapotofautiana na mchimbaji wa kawaida, kwa kuwa yeye amefundishwa kupima na ana sauti mezani. Utaratibu unaokubalika wa kudhibiti hatari huanza na kuiondoa hatari penye chanzo chake, hatua hiyo ikifuatwa na kutoboa mwamba kwa maji ili vumbi lisipae na kuingiza hewa safi shimoni, kisha kupunguza muda wa watu kukaa humo. Barakoa huja mwisho kabisa, na kitambaa cha kujifunga puani hakizuii chembe ndogo. Kasigau maji yenyewe ni adimu, na mwenye machimbo madogo huona shida kuyamwaga juu ya jiwe ilhali watu na mifugo wanayahitaji. Kuyakusanya maji yaliyotumika na kuyarejesha kazini ni kazi halisi ya uhandisi, inayostahili kijana aliyesoma.

Kubaki au kuondoka

Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011 humtaka mhitimu awe na uzoefu usiopungua miaka 3 kabla ya kusajiliwa kuwa mhandisi kamili, na wengi huvumilia hewa mbaya ili wasiupoteze muda huo. Uzoefu huo hauhitaji kupatikana katika shimo moja. Mhandisi aliyeomba vipimo akanyimwa, au aliyependekeza kinga ikakataliwa, ana haki ya kuondoka, na familia iliyouza mifugo ili asome isimwone msaliti. Anaweza kuhamia usalama kazini, tathmini ya mazingira au uhandisi wa maji, ambamo elimu yake ya miamba itaendelea kutumika. Migodi yenyewe hufungwa pia, kama ule wa titaniamu wa Kwale ulivyomaliza uchimbaji mwishoni mwa 2024, hivyo kujiandaa kubadili kazi ni busara kwa kila mhandisi wa madini.

Lakini kuondoka kimyakimya kunawaacha waliobaki bila mtu aijuaye hatari. Anayehama aandike alichokiona, akiwasilishe kwa kamati ya usalama na kwa wakaguzi wa serikali, ili ujuzi wake usiondoke pamoja naye.

Hitimisho

Wenye migodi wapime vumbi na kuwaonyesha wafanyakazi matokeo, chuo kikuu kiwapelekee wachimbaji wadogo vifaa vya kupimia, na serikali ya kaunti ishirikiane na wakaguzi wa kitaifa kuyafikia machimbo ya mbali. Mhandisi kijana naye aulize kwanza kiasi cha vumbi kilichomo katika hewa anayoivuta yeye na wenzake, na asikubali kazi yoyote ambayo mwenye nayo hataki kulijibu swali hilo.