Dohani za Nyumba za Ghorofa: Kufagiwa Kwake na Kutiwa Bitana

Jioni hii twapenda kuzungumza nanyi habari za dohani, yaani njia za moshi zilizojengwa ndani ya kuta za nyumba za mawe na matofali. Huenda wengine wakauliza dohani yatuhusu nini, kwa kuwa jikoni kwetu moshi wa kuni hujipenyeza katika makuti au nyasi za paa ukaenda zake, nasi tukabaki kufikicha macho. Lakini katika miji ya baridi watu wengi hukaa chini ya paa moja, na moshi wa mtu mmoja hupita nyuma ya kitanda cha mwingine. Kwa hiyo dohani ni jambo la ujirani, na mara nyingine ni jambo la kufa na kupona.

Tutauchagua mji mmoja, nao ni Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti. Zamani ulitoa moshi mwingi hata wenyeji wakaupa jina la utani, Auld Reekie, maana yake Kongwe la Moshi. Watu wengi wa mji huo hukaa katika nyumba za mawe za ghorofa 4 au 5, nyingi zilijengwa katika karne ya 19, na jamaa wa makao mbalimbali hupanda ngazi moja. Hapo kale vyumba vilipashwa moto kwa jiko lililojengwa ukutani, na kila jiko lilikuwa na njia yake ya moshi, peke yake, toka chini hata juu ya paa. Njia hizo hupanda ubavu kwa ubavu ndani ya ukuta mnene, zikitengwa kwa kiambaza chembamba, pengine unene wa inchi 4 tu. Juu ya paa hukusanyika katika mnara mmoja, na kila njia huvikwa chungu cha udongo wa kuchoma. Ukisimama barabarani waweza kuvihesabu vyungu hivyo, 8 au 10 au zaidi, vimepangwa mstari kama mitungi sokoni.

Fikirini basi habari ya jamaa wakaao chini kabisa. Njia yao ndiyo ndefu kupita zote. Yapita nyuma ya ukuta wa ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka paani. Mama wa ghorofa ya tatu huenda hajawasha moto ukutani kwake tangu aolewe, wala hana kuni wala makaa. Hata hivyo moshi wa jirani wa chini humpita kila jioni kwa umbali wa shibiri moja kutoka kwenye mto wake. Kinachowatenga ni jiwe, na chokaa iliyoshikamanisha mawe, na lipu iliyopakwa ndani ya njia ile. Vitu hivyo vikiwa vizima, yeye hulala salama.

Sasa tuseme habari za masizi. Moto usiopata hewa ya kutosha hauli kuni zote au makaa yote. Mabaki hupanda pamoja na moshi na kushika kando za dohani. Makaa ya mawe huacha unga mweusi. Kuni, hasa zikiwa mbichi, huacha kitu kibaya zaidi, utomvu mweusi kama lami, unaogandamana na kung'aa. Utomvu huo wenyewe ni kuni. Siku moja cheche ikiufikia huwaka ndani ya ukuta kwa mvumo mkubwa, na joto lake laweza kupita digrii 1000. Moto wa namna hiyo hupasua vyungu, hupasua viambaza, na mara nyingine huziunguza boriti za sakafu zilizoegemea ukuta. Tena kuna ndege. Huko Uskoti wako kunguru wadogo wapendao kuangusha vijiti ndani ya dohani isiyotumika, kijiti juu ya kijiti, mpaka kiota kiwe kizibo cha futi kadhaa.

Kwa sababu hizo dohani hufagiwa. Desturi inayoshauriwa na mafundi wa Uingereza ni kufagia njia ya moshi wa kuni kila miezi mitatu wakati jiko linapotumika, na ya makaa yasiyo na moshi walau mara moja kwa mwaka. Hata njia ya jiko la gesi hutazamwa kila mwaka, ingawa haina masizi, kwa ajili ya viota na mawe yaliyoanguka.

Wafagia dohani wa Edinburgh walikuwa na njia yao ya kazi iliyofaa nyumba ndefu. Fundi alipanda paani na kamba yenye tufe zito la risasi au la chuma, na brashi juu ya tufe. Tufe likiteremka huivuta brashi, na masizi huanguka mpaka jikoni chini, ambapo mwenziwe amekwisha kutandika nguo mbele ya jiko. Taabu moja ilikuwa kukijua chungu chenyewe, maana vyungu vyote hufanana. Fundi akikosea, masizi ya miaka mingi humwagika sebuleni mwa mtu mwingine kabisa, juu ya zulia lake. Ndipo mmoja hupaza sauti ndani ya dohani na mwingine humjibu, hata wakiwa na hakika kwamba wako katika njia moja.

Katika mji wa London na sehemu nyingine za Uingereza desturi ilikuwa nyingine, nasi hatuwezi kuipita kimya, hasa kwa ajili ya wanafunzi wanaotusikiliza. Huko waliwapandisha watoto. Mtoto maskini, pengine wa miaka 6 au 7, alitiwa ndani ya dohani apande kwa magoti na viwiko, akikwangua masizi kwa mkono. Njia yenyewe mara nyingi haikuzidi inchi 14 kwa 9. Kipimeni kipimo hicho kwa rula zenu mwone. Mwaka 1775 tabibu wa London, Percivall Pott, alieleza kwamba wafagia dohani walipata saratani katika ngozi ya sehemu za siri kwa ajili ya masizi, naye alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuonyesha kwamba kazi ya mtu yaweza kumpa ugonjwa huo. Sheria ya mwaka 1788 ilikataza watoto chini ya miaka 8, lakini haikusimamiwa. Sheria ya mwaka 1840 ilikataza mtu ye yote chini ya miaka 21 asipandishwe, nayo ikadharauliwa vivyo hivyo, ingawa brashi za vijiti vya kuunganishwa zilikwisha kupatikana. Mwaka 1875 mtoto George Brewster alikwama katika dohani ya nyumba kubwa ya wagonjwa karibu na Cambridge, akatolewa, akafa. Bwana wake alihukumiwa, na mwaka ule ule ikatoka sheria iliyomlazimu kila mfagia dohani awe na cheti cha polisi. Kati ya sheria ya kwanza na ile iliyozaa matunda ilipita miaka 87. Sisi twaona kwamba brashi haikuchelewa. Waliochelewa ni wenye nyumba, ambao waliona mtoto ni rahisi kuliko kubomoa kona za dohani zao.

Turudi Edinburgh, maana kufagia ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni ngozi ya ndani ya dohani. Wajenzi wa kale walipaka ndani lipu ya chokaa iliyochanganywa na samadi ya ng'ombe. Kipimo kimoja mashuhuri kilikuwa sehemu moja ya chokaa kwa sehemu tatu za samadi. Wengi wetu tunaokandika sakafu kwa samadi hatutashangaa: hushika vema, wala haipasuki upesi. Lakini moshi wa makaa ya mawe una kiberiti ndani yake. Moshi ukifika juu, penye baridi, mvuke wake hugeuka maji, na maji hayo pamoja na kiberiti huwa tindikali iletayo uharibifu. Mwaka hata mwaka tindikali hula lipu, kisha hula chokaa ya katikati ya mawe, mpaka kiambaza kinakuwa kama ukuta uliopangwa kwa mawe makavu.

Kisha yalikuja mageuzi. Mwezi wa Desemba mwaka 1952 ukungu na moshi wa makaa viliifunika London siku tano, wakafa watu elfu kadhaa. Kwa hiyo mwaka 1956 ilitungwa sheria ya hewa safi, na miji ya Uingereza ikaanza kuyaacha makaa yenye moshi. Watu wengi walitia majiko ya gesi mahali pa yale ya makaa, wakaelekeza hewa yake katika dohani zile zile kuukuu. Walidhani wameondokewa na taabu, kwa kuwa gesi haina masizi. Lakini gesi ikiungua huzaa maji mengi, kama kilo moja na nusu kwa kila mita moja ya ujazo ya gesi, nayo hewa yake si ya moto sana. Hewa hiyo ikiingia katika dohani pana na ya baridi hupoa njiani, maji yakatiririka kando, na tindikali iliyolala katika masizi ya zamani ikaamka. Ndipo madoa ya rangi ya chai yakaonekana kwenye kuta za vyumba vya juu.

Doa ni dalili tu. Ajali yenyewe haionekani. Moto ukikosa hewa ya kutosha huzaa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Katika damu hushikamana na chembe nyekundu kwa nguvu mara 200 na zaidi kuliko hewa njema tunayovuta, hata mtu hukosa pumzi bila kujijua. Kwanza kichwa humwuma, kisha kichefuchefu, kisha usingizi. Hewa hiyo ndiyo ile ile inayoua watu wanaoingiza jiko la mkaa chumbani usiku wa baridi, wakafunga mlango na dirisha, kama itokeavyo hata kwetu katika nchi za milimani. Tofauti ni kwamba mwenye jiko la mkaa analiona jiko lake. Yule mama wa ghorofa ya tatu hana jiko lo lote. Yake ni nyufa tu nyuma ya kabati, na moto ni wa jirani.

Basi dohani ikiwa imechakaa fundi huitia bitana, kama mshoni atiavyo bitana ndani ya koti. Kwanza hufagia, kwa kuwa bitana juu ya masizi ni kufungia adui ndani. Halafu huteremsha kamera ndogo yenye taa aone nyufa, kona, na matofali yaliyoanguka. Kisha huchagua. Kwa gesi au kwa kuni mara nyingi hutumia bomba la chuma kisichoshika kutu, linalopindika kama mkonga wa tembo. Watu wawili paani hulishusha na mmoja chini hulivuta kwa kamba mpaka jikoni. Bomba la gesi halifai kwa kuni wala makaa, na fundi asiyelijua hilo hafai kupandishwa paani. Njia ya pili ni vipande vya mwanzi wa udongo wa kuchoma, kimoja juu ya kingine. Vipande hivyo huwekwa mdomo mpana juu, ili maji yanayotiririka ndani yabaki ndani; vikigeuzwa, kila kiungo huvuja ukutani. Tena penye kona hapana budi kutoboa ukuta, na ukuta huo huenda ukawa wa chumba cha mtu mwingine. Njia ya tatu hutupendeza kwa werevu wake: fundi hutia ndani mpira mrefu, huujaza upepo, humimina saruji nyepesi pande zote, na saruji ikishika huutoa mpira upepo na kuuvuta. Njia mpya hubaki mahali pake, laini, na viambaza dhaifu vimepata nguvu.

Nani alipe? Hapa ndipo majirani hugombana. Mwenye njia ya moshi hulipia bitana yake. Lakini mnara wa juu ni wa wengi, na ukiinama au ukianza kuangusha mawe barabarani, asiyewasha moto husema haumhusu. Sheria ya Uskoti ya mwaka 2004 juu ya nyumba hizi imelikata shauri hilo: mahali ambapo hati za nyumba hazikusema vingine, mnara ni mali ya makao yote yenye njia ndani yake, na kila mmoja ana fungu kwa hesabu ya njia zake. Mwenye njia mbili katika mnara wa njia 8 ana robo. Tangu mwezi wa Februari mwaka 2022 sheria ya huko yataka pia kila makao yenye jiko la kuunguza kitu, au yenye dohani, yawe na king'ora cha kuonya juu ya kaboni monoksaidi. King'ora ni kitu chema, lakini hakizibi ufa.

Kazi ikiisha fundi hakubaliwi kwa maneno. Huwasha kidonge cha moshi mzito katika jiko la chini, akaziba mdomo wa jiko, kisha huziba chungu kilicho juu. Wenziwe hupanda ngazi, hubisha hodi kila mlango, wakaingia vyumbani na kusimama karibu na ukuta unaopitiwa na dohani. Hutazama nyuma ya kabati, chini ya sakafu, penye doa la zamani. Moshi ukijitokeza hata kidogo kama uzi, kazi huanza upya. Usipotokea, fundi hufungua chungu, moshi hupaa, naye huandika cheti kwa jina la mwenye jiko.