Laini ya Simu Ilipofika, Intaneti Ikafuata: Zama za Modemu Mjini Bujumbura



Historia ya intaneti nchini Burundi husimuliwa kuanzia mkongo na simu za mkononi, na enzi ya modemu hupewa sentensi moja tu. Mimi naona enzi hiyo ndiyo inayoeleza nani alitangulia kuingia mtandaoni na nani alisubiri. Intaneti ilifuata waya wa simu, na waya huo ulikuwa umeshachagua nyumba zake.

Tukumbuke hali ya miaka ile. Vita vilivyoanza Oktoba 1993, baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, vilikuwa bado vinaendelea. Kufuatia mapinduzi ya Julai 1996 majirani walituwekea vikwazo, na havikusitishwa hadi Januari 1999. Familia zilikuwa zimetawanyika: huyu kambini Kigoma, yule Brussels, mwingine Montreal. Barua za posta zilichelewa, na simu ya ng'ambo ilikuwa ghali. Kwa waliokuwa na ndugu Ulaya au Kanada, baruapepe ilikuwa njia ya kujua nani yu hai.

Kuipata ndiyo ilikuwa kazi. Simu za waya za ONATEL, shirika la serikali, hazikufika hata laini moja kwa kila watu 100, na nyingi zilikuwa hapa mjini. Ofisi za Rohero na nyumba za Kiriri zilikuwa nazo. Buyenzi, Kamenge na Kinama, nyumba yenye simu ilijulikana mtaa mzima.

Mwenye laini naye alitumia kwa nidhamu. Aliandika barua zake zote kwanza, kompyuta ikiwa haijaunganishwa. Kisha modemu ilipiga namba ya kampuni ya intaneti, ikalia na kukwaruza hadi mashine mbili zielewane. Barua zikatoka, nyingine zikaingia, naye akakata papo hapo. Kusoma kulikuja baadaye, kwa sababu ada ya intaneti ililipwa kando na gharama ya simu. Wakati huo wote anayepiga simu nyumbani alikuta laini inatumika. Modemu bora ziliandikwa kilobiti 56 kwa sekunde. Hata kwa kasi hiyo kamili, picha ya megabaiti moja ilichukua zaidi ya dakika mbili, na waya mkuukuu au ulioingia maji haukuifikia kasi hiyo.

Na hapo data ilikuwa bado haijatoka nchini. Kampuni zilitegemea setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu ya ikweta, na wateja wote waligawana njia hiyo nyembamba. Kabla ya kampuni hizo kuunganishwa zenyewe kwa zenyewe humu humu nchini, barua ya kutoka Rohero kwenda Ngagara iliweza kupanda angani, ikashuka bara jingine, ndipo irudi Bujumbura.

Kwetu, modemu haikuondolewa na waya bora zaidi. Antena za redio zilipanda kwenye mapaa ya ofisi na ya sibakafe, na asiye na simu nyumbani akaenda kulipia muda wake huko. Nyaya za baharini zilipofika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009 na 2010, kisha Burundi Backbone System ikatandaza mkongo kwa msaada wa Benki ya Dunia, simu ya mkononi ilikuwa imeshatangulia. Vijana wengi wa Buyenzi waliijua intaneti kwa mara ya kwanza kiganjani. Kinyume chake, Marekani, ambako simu za waya zilijaa majumbani, kampuni ya AOL iliendelea kuuza huduma ya kupiga simu hadi Septemba 2025.

Ndiyo maana naomba semina hii ikubali jambo moja. Mafundi waliofunga modemu hizo na waliokuwa wakishughulikia laini za mitaani wengi wao bado wako mjini. Tuwahoji, tukusanye bili, vitabu vya wateja na ramani za laini, kisha tuzilinganishe na ramani ya mkongo wa leo, kata kwa kata.