Hesabu ya Vyombo vya Jikoni



Nimetakiwa niseme machache juu ya vyombo vya nyumbani, na wako waliocheka waliposikia. Sisi makarani twajua kuhesabu vyombo vya ofisi, hata vidau vya wino. Lakini ni nani kati yetu ajuaye nyumbani kwake mna vifumbu vingapi?

Mimi sikujua. Miaka kadhaa iliyopita jirani yangu aliachana na mkewe, na wazee wakaniita niandike orodha ya mali, kwa kuwa nina hati nzuri. Naliandika kitanda, meza na baiskeli, na mbele ya kila kimoja jina la mume, maana stakabadhi zote zilikuwa zake. Tulipofika jikoni naliandika upesi: kinu, 1, mitungi, 2, debe la maji, 1, mbuzi ya kukunia nazi, 1, kuukuu, haina thamani.

Yule bibi alikuwa amesimama mlangoni. Akasema kwa upole, "Shemeji, itazame kwanza, ndipo uandike."

Nikaitazama. Kibao chake kilikuwa kimelika upande mmoja, kikang'aa mithili ya mpini wa jembe, maana mwenye kukuna hukaa upande. Na ule ulimi wa chuma ulikuwa umenolewa meno yake hata umekuwa mfupi. Nikamwuliza ameitumia muda gani. Akajibu, tangu arusi, miaka 19. Nikapiga hesabu: nazi 2 kila siku ni zaidi ya nazi 13,000. Wala kazi haishi katika kukuna. Chicha hutiwa maji, hukamuliwa kwa kifumbu, tui zito likawekwa kando. Kisha hukamuliwa tena kwa tui jepesi, ambalo ndilo hutangulia chunguni. Na lile debe, ambalo lilikuja na mafuta ya taa galoni 4, likijazwa maji ni ratili 40 kichwani. Sisi hulalamika kubeba mafaili!

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 114, yairuhusu mahakama kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja. Na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikata ya kuwa kazi za mke nyumbani nazo ni mchango. Wazee wale hawakuyajua hayo. Nami, niliyesoma, sikuyajua.

Nikafuta maneno "haina thamani". Wazee wakaniuliza, basi waandika nini? Nikaandika: "miaka 19". Wakabishana juu ya neno hilo mpaka magharibi, na baiskeli, ambayo asubuhi haikuwa na mjadala, ikarudishwa katikati.

Usiku ule nalimwomba mke wangu anionyeshe vyombo vyake vya jikoni. Akaniuliza kama nina njaa.